Mstari wa Mbele: Bao na Utawala katika Maniema ya Kusini

Wazee wetu, akina mama, walimu, na ninyi vijana mliosimama kwa kukosa viti: nimeombwa niseme juu ya michezo ya mbinu na uongozi wa siasa. Nina wasiwasi mmoja kabla sijaanza. Wanasiasa wetu wakisikia kwamba siasa ni mchezo watafurahi kupita kiasi, maana baadhi yao hivyo ndivyo wanavyoifanya tayari. Kwa hiyo sitasema siasa ni mchezo. Nitasema neno dogo zaidi: bao, mchezo tunaoujua wote, lina kanuni chache ambazo watawala waliopita hapa Kasongo na kule Kabambare walizivunja, nasi tunaweza kutaja mwaka na mahali walipozivunjia.

Mchezo huu si wa kabila moja. Waluba wana kisolo, Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro. Philip Townshend alitoa mwaka 1977 kitabu kizima juu ya jamii hii ya michezo katika Zaire, Rwanda na Burundi. Wakuba wa Kasai wao huuita lela, na kwao uhusiano wake na utawala umechongwa kwenye mti. Wafalme wa Kuba huchongewa sanamu, na kila sanamu huwekewa alama ya mfalme wake. Sanamu ya Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala karne ya 17, ina ubao wa lela mbele ya miguu. Mtafiti Emil Torday aliichukua mwaka 1909, na leo iko katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London. Shyaam angeweza kuwekewa upanga. Masimulizi ya watu wake humsifu zaidi kwa kuleta ufundi na kutuliza vita kuliko kwa kupigana, na alama aliyobaki nayo ni mchezo.

Sasa kanuni. Nitatumia bao la Kiswahili, lile lililokuja na watu wa pwani, kwa kuwa ndilo lenye sheria ninazozihitaji. Mashimo ni 32, mistari minne ya mashimo manane. Kete ni 64, kila mchezaji ana 32, na zote ni sawa: hakuna kete ya kifalme wala kete ya askari. Mwanzoni kila mmoja hupanga kete 10 ubaoni na kubaki na 22 mkononi, ambazo huzinamua, yaani huziingiza ubaoni, moja moja. Hapa ndipo bao linapoachana na dama na sataranji. Katika dama, ukila kete ya mwenzako unaitoa nje, inakwisha habari yake. Katika bao hakuna kinachotoka. Kete ulizokula unazichukua mkononi, unaziingiza kwa kichwa, yaani shimo la mwisho la mstari, na kuzipanda upande wako kuanzia mstari wa mbele. Mwanzo wa mchezo kete 64, mwisho wa mchezo kete 64. Aliyekuwa wa adui saa hii yuko kwako, tena mbele, na baada ya mikono miwili anaweza kurudi alikotoka.

Hiyo ni kanuni ya kwanza, nami nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu historia ya mji huu imejaa watu walioisahau.

Mwaka 1892 Kasongo ilikuwa mikononi mwa Sefu, mwana wa Hamed bin Muhammed tunayemwita Tippu Tip. Upande wa magharibi, Ngandu kwenye mto Lomami, alikuwapo Ngongo Lutete. Ngongo alianza akiwa mtumwa wa watu wa Tippu Tip, akapanda hadi kuwa jemadari mwenye maelfu ya wapiganaji. Katika mwaka huo Francis Dhanis, afisa wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, alimpiga, na kufikia Septemba Ngongo akahamia upande wa Dola. Sefu akadai arudishiwe mtu wake kana kwamba ni mali iliyopotea. Hakurudishiwa. Alipovuka Lomami kumfuata alipigwa mwezi wa Novemba, na watu wa Ngongo walikuwa kati ya waliompiga. Nyangwe ikaanguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili. Mchezaji yeyote wa bao anaielewa vita hiyo bila ramani: kete iliyoliwa imepandwa mstari wa mbele na imemla aliyekuwa mmiliki wake.

Lakini ngojeni. Dola nayo ikafanya kosa lilelile kwa ubaya zaidi. Tarehe 15 Septemba 1893, miezi mitano baada ya Kasongo kutekwa, maafisa wa kituo cha Ngandu walimshitaki Ngongo Lutete kwa usaliti na kumpiga risasi. Dhanis alimtuma daktari Sidney Hinde kwenda kuizuia hukumu, Hinde alichelewa. Walidhani wamemtoa ubaoni. Askari wake walipelekwa Luluabourg, na tarehe 4 Julai 1895 wakaasi, wakamwua mkuu wao, kapteni Pelzer. Viboko na malipo duni vilikuwa na sehemu yao, lakini kifo cha Ngongo kilikuwa midomoni mwao. Februari 1897, mbali kaskazini huko Ndirfi, askari wa msafara wa Dhanis mwenyewe wakaasi vilevile, wengi wao Watetela na Wakusu, watu wa pande zetu hizi. Wakashuka kusini wakipigana. Mwishoni mwa 1898 waliiteka ngome ya Kabambare. Yaani miaka mitano baada ya Dola kushinda vita vya Maniema, Dola ilifukuzwa Kabambare na askari iliowavisha sare yenyewe.

Baadhi ya wanahistoria wataniambia nimerahisisha. Ni kweli maasi ya Luluabourg na ya Ndirfi hayakuwa jambo moja. Hoja yangu hainilazimishi niyaunganishe. Nasema tu kwamba mtawala anayehesabu ushindi kwa idadi ya waliotoweka anahesabu kwa mchezo wa dama mahali ambapo watu wanaishi kwa bao. Aliyeshindwa ana ndugu, ana askari, ana watoto wanaokua. Bado yuko ubaoni.

Kanuni ya pili ni ya kushindwa. Unashindwa bao lini? Si mpaka uishiwe kete. Unashindwa mstari wako wa mbele ukibaki mtupu, hata kama wa nyuma umejaa pomoni. Mnawajua wachezaji wa aina hii: anarundika nyuma, anatazama rundo lake kwa raha, na mara anasikia watazamaji wanasema hamna.

Kasongo ya 1893 ilikuwa na mstari wa nyuma wa kutisha. Hinde aliingia na jeshi na akaandika alichokiona: maghala ya chakula, magodoro ya hariri waliyolalia hata askari wa kawaida, bustani za michungwa, mapera, mikomamanga na mananasi. Alikadiria watu 60,000 mjini. Mkitembea Tongoni leo mtaona mahali mji huo ulipokuwa. Mji mkubwa namna hiyo, wenye chakula na baruti, ulitekwa kwa mapigano mafupi. Kwa nini? Wengi wa hao 60,000 hawakuwa na kitu cha kukipigania. Walikuwa wamechukuliwa, walikuwa wanalima shamba la mtu mwingine, na bwana alipobadilika waliangalia tu bwana mpya ana tabia gani. Mbele palikuwa patupu.

Hali hiyo ilijirudia mwaka 1965 katika sura nyingine. Ernesto Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika mwezi wa Aprili akafika Kibamba, kujiunga na waasi wa Simba waliokuwa na milima ya Fizi na njia za kuelekea Kabambare. Alikuwa mpenzi mkubwa wa sataranji, mtu wa kukesha ubaoni. Nadhani, na hapa nasema maoni yangu, alikuja na macho ya sataranji: akitafuta mahali pa kupiga. Alichokikuta ni tatizo la bao. Wakubwa wa uasi walikuwa Dar es Salaam na Cairo, wakisaini barua na kupokea wageni. Mmoja wao, Laurent-Désiré Kabila, alionekana mbele kwa siku chache tu. Wapiganaji walikuwa juu milimani bila viongozi wao. Novemba hiyohiyo Che aliondoka, na katika kumbukumbu zake alikiri waziwazi kwamba anasimulia habari ya kushindwa. Kabila alijifunza kidogo: tangu 1967 chama chake cha PRP kilijenga makao Hewa Bora, hukohuko milimani, na kilidumu miaka mingi. Alipofika Kinshasa mwaka 1997 alikuwa na mstari wa mbele wa kukopa, na aliyemkopesha, yaani Rwanda, akaja kuudai mwaka uliofuata. Oktoba 1998 Kindu, mji mkuu wa jimbo letu, iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD.

Niwape mfano mzuri, maana kuna hatari ya mhadhara huu kugeuka kilio. Mkono unapopanda kete hauruki shimo. Ukishika kete saba, mashimo saba yanayofuata yatapata moja moja, uwe unayapenda au huyapendi. Mwaka 1971 hapa Kasongo ilianza kazi ya afya pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp. Wazo lake lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitenda: badala ya kuweka madaktari wote na dawa zote katika hospitali ya mjini, kila kundi la vijiji lipate kituo chake kidogo cha afya, chenye mwuguzi anayezijua nyumba anazozihudumia, na hospitali moja ibaki kwa kesi zinazoshinda vituo. Uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981 na ukajadiliwa na wataalamu wa dunia nzima. Baadaye nchi nzima ikagawanywa katika maeneo ya afya 306 kwa mtindo huohuo. Leo ni zaidi ya 500. Serikali zikaanguka, vita vikapita, mishahara ya wauguzi ikasahauliwa, lakini mgawanyo ule bado upo. Ni mara chache Kinshasa hujifunza kutoka Kasongo, na mnaruhusiwa kujivuna kidogo.

Kinyume chake mnakijua pia. Waziri akipata kete saba, zote zinaangukia shimo la kwao alikozaliwa. Daraja linajengwa kwao, jenereta inakwenda kwao, na wale wa kwao humshangilia mpaka siku anapotolewa kazini, ndipo wanapotambua kwamba mashimo yote yaliyowazunguka ni matupu na hakuna wa kuwasaidia.

Kanuni ya tatu: kula ni lazima. Ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, huna ruhusa ya kutakata, yaani kucheza bila kula; lazima ule. Wanaoanza huipenda sana kanuni hii, wanaona ni ruhusa ya ulafi. Mafundi huitumia kama kamba ya kukuvutia. Anakutolea kete tatu kwenye shimo fulani, unakula kwa sababu huna budi, mkono wako unazunguka na kulala mahali alipotaka yeye ulale, kisha anakula nyumba yako, lile shimo ulilorundikia kete. Alex de Voogt, aliyejifunza kwa mafundi wa Zanzibar na kutoa tasnifu yake Leiden mwaka 1995, alionyesha jinsi mafundi hao wanavyopiga hesabu za mizunguko mirefu ambayo mtu wa kawaida hupotea katikati.

Hapa siasa ina nafuu ambayo bao halina, na ajabu ni kwamba hatuitumii. Mwanasiasa anaweza kuacha kula. Hakuna sheria inayomlazimisha depite wa jimbo apige kura ya kumwangusha gavana kwa sababu tu idadi inatosha. Mabunge ya majimbo yetu, Maniema ikiwemo, yamewaangusha magavana kwa kura za kutokuwa na imani mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi aliyekula hakujua nani alimwekea chambo. Nani anafaidika Kindu ikiwa bila gavana wa kudumu kwa miezi kadhaa? Barabara ya kutoka Kindu kuja Kasongo haifaidiki, hilo nina hakika nalo. Wanaoipita kwa pikipiki wakati wa mvua wataniunga mkono.

Nije kwa Tippu Tip, maana najua wapo humu wanaosubiri nimtaje, wengine kwa fahari, wengine kwa hasira. Kama tungekuwa tunatafuta bingwa wa mbinu, hakuna mtu aliyepita nchi hii aliyemzidi. Ameandika habari zake mwenyewe kwa Kiswahili, zikachapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na anasimulia bila haya jinsi alivyoingia Utetela. Alikuwa amesikia habari za wanawake wa ukoo wa kifalme waliotekwa zamani wakapelekwa mbali. Akamwendea mzee Kasongo Rushie na kujitambulisha kuwa ni mjukuu wa mmoja wa wanawake hao. Mzee akaamini, au aliona ni busara kuamini, akamkabidhi utawala na pembe. Nchi nzima ikaliwa bila risasi. Mwaka 1887, akiwa Zanzibar, alikubaliana na mvumbuzi Stanley kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alikuwa amepima nguvu za Wazungu na kujua hawezi kuzizuia, basi akatafuta kukaa ndani yake. Mwaka 1890 akaondoka kwenda pwani, akamwachia Sefu ubao ambao ulikuwa umekwisha kushindwa. Sefu alikufa vitani Oktoba 1893. Baba alikufa kitandani kwake Unguja mwezi wa Juni 1905.

Alicheza vizuri. Je, alitawala vizuri? Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema michezo ya mbinu ni shule tosha ya uongozi. Kete haina mama. Kete haiulizi inapelekwa wapi, haibebi pembe kutoka Kabambare hadi Ujiji ikiwa imefungwa shingoni. Fundi wa bao anayewaangalia watu kama kete atashinda sana, kwa muda, na ataacha nyuma nchi kama tuliyoachiwa. Mchezo unafundisha kuona mbali. Haufundishi nani ana haki ya kuwa mchezaji. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, wapo waliomwona akilicheza Butiama, lakini kilichomfanya aondoke madarakani mwaka 1985 kwa hiari yake hakikutoka kwenye ubao. Hakuna kanuni ya bao inayomwambia anayeshinda ainuke.

Kuna jambo jingine ambalo ubao unalo na siasa yetu haina. Bao huchezwa barazani. Kete zote ziko wazi, watazamaji wamezunguka, na fundi akipanda kete mbili kwenye shimo moja kuna kijana wa miaka 12 atakayepiga kelele. Bajeti ya jimbo haichezwi hivyo. Akina mama naona mnacheka. Najua, barazani bao ni la wanaume, na wakati linachezwa mihogo inamenywa na nani? Basi kuweni ninyi wale watazamaji wa bajeti. Soko la Kasongo linajua bei ya kila kitu. Haliwezi kushindwa kusoma ushuru wake lenyewe.

Nimalizie Kabambare, kwa mambo ya leo. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya kampuni ya Banro. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakiishi kwa machimbo hayo walisukumwa pembeni, na madai yao ya kuachiwa sehemu ya eneo yakawa moja ya kelele kubwa za Salamabila. Kundi la Mai-Mai Malaika lilipata humo vijana na sababu. Misafara ilivamiwa, wafanyakazi wakatekwa, na mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Nyuma dhahabu, mbele patupu. Sina haja ya kurudia maelezo.

Serikali imejibu kwa njia zake za kawaida: operesheni za jeshi, mazungumzo, na tangu 2021 mpango wa P-DDRCS wa kunyang'anya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika jamii. Nimesoma makaratasi ya mipango kama hii tangu enzi za brassage baada ya 2003. Yote hueleza vizuri namna ya kupokea bunduki. Machache hueleza kijana aliyeitoa ataamkia wapi kesho yake. Wakati wa brassage vijana wetu walichanganywa katika brigedi na kupelekwa mbali, wengine wakabaki jeshini, wengine wakatoroka na kurudi msituni kwa sababu kambi haikuwa na unga. Waliliwa, wakashikwa mkononi, hawakupandwa. Na kete iliyokaa mkononi kwa muda mrefu, wazee wa baraza wanajua, huwa inarudi upande wa pili.

Kwa hiyo watu wa mpango huo wakija tena Salamabila, swali lisiwe ni bunduki ngapi zimekusanywa. Waulizwe ni hekta ngapi za machimbo zitatengwa kwa ushirika wa wachimbaji wadogo, kwa hati ya nani, na nani ataandikwa humo: aliyetoka msituni peke yake, au pamoja na jirani yake ambaye hakuwahi kushika silaha na ambaye mbuzi wake waliibwa na yuleyule aliyetoka msituni? Ukimpanda mmoja na kumruka mwingine umeanzisha kundi jipya. Hati za namna hiyo husainiwa Kinshasa, lakini mipaka hupimwa Kabambare, kwa miguu, mbele ya watu, na machifu wa huko wanayajua mashimo yao.

Nipo tayari kwa maswali. Naomba tuanze na upande wa akina mama.